Nimeahidi kutengeneza vitafunwa vya pati mwenyewe, sasa tumbo linaniuma

Anti shikamoo,

Naomba jina langu lisitoke maana kwetu hii safu inasomwa na mmoja wa wasomaji ndo nitakayemsema humu ndani. Mi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni ya ofisini Jumatatu mpaka Ijumaa na Jumamosi nusu siku. Mume wangu anatimiza miaka 40 wiki tatu zijazo na tumekubaliana tuite watu kama 25 hivi nyumbani, kuanzia saa kumi na mbili jioni, hakuna msosi mkubwa, ni vinywaji na vitafunwa na baadaye keki, basi.

Sasa kwenye grupu la familia wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akaandika kwamba ana mtu wake anapika kwa oda, atuunganishe naye. Na mimi hata sijamaliza kusoma nikajibu "Asante wifi, vitafunwa nitatengeneza mwenyewe", nikaweka na kaemoji ka kucheka. Nilipoweka simu chini ndo akili ikarudi, mana Anti mimi nina rekodi mbaya.

Mwaka jana tulifanya pati ya mtoto wetu mkubwa, mchana saa saba, nikapania kweli kweli. Nilitengeneza aina tisa. Tisa Anti! Alfajiri saa kumi na moja nimeshashika kisu. Kulikuwa na vya kukaanga, vya kuoka, vya kwenye vijiti, vimkate vya kupaka, mayai, sijui nini. Watu wanaanza kuingia mi bado nipo na sufuria ya mafuta, nywele zinanuka, natoka na sahani narudi, natoka narudi, vya kukaanga vikiisha vinaulizwa tena, na vimkate nilivyopanga asubuhi vya nyanya vikawa vimelowa chini chapachapa, mtu akishika kinakatika kati kinamwangukia kifuani. Mayai nayo kiini kikawa na duara la kijani, katoto kamoja kakauliza kwa sauti kama yameoza. Sikukaa hata dakika kumi siku ile. Picha zote zilizopigwa mimi simo, isipokuwa moja tu na hiyo unaonekana mkono wangu unaweka sahani.

Halafu wifi akaingia jikoni, akaangalia sinia, akaniuliza "Hivi ni vya kuonjea tu au chakula kinakuja?" Nilicheka. Ila lile neno limenikaa hapa kooni mpaka leo.

Safari hii nikasema sirudii, watoto wakilala naangalia video za vitafunwa vya vitu vitatu vinne tu, tango na chizi, yai na haradali, tende unapasua unaweka karanga ndani, yaani unaona mtu anamaliza kwa dakika moja na vinapendeza. Nikamwonyesha mume wangu. Akaangalia akasema "Mke wangu, tununue tu." Nikamuuliza unaniona siwezi? Akasema hapana, tununue tu. Tukanuniana siku mbili nzima kwa ajili ya matango.

Kwa hiyo Anti niko hapo katikati, nikitengeneza vichache rahisi naogopa tutaonekana mabahili, mtu anafikisha 40 halafu wageni wanapewa tango, nikisema niongeze aina narudi kule kule kwa mwaka jana, na nikinunua wifi ndo atakuwa ameshinda na grupu zima liliona nilichoandika, tena hela ya kununua ni ya kuitoa mahali tulipokuwa tumeipangia kitu kingine. Na kuna hili sijamwambia mtu, mi napenda kupika. Nipe mkate na nyanya na chumvi nitamfurahisha mtu mmoja vizuri sana, ni hao ishirini na tano ndo wananishinda. Nifanyeje, na kama kuna vitu rahisi visivyoaibisha nitajie.

Ni mimi, Mkono Kwenye Picha

JIBU

Marahaba mwanangu. Hilo jina ulilojipa nimelicheka, halafu nikalirudia mara ya pili nikaacha kucheka.

Nimesoma barua yako nikaona umeniletea mambo matatu umeyafunga kwenye furushi moja: kuna vitafunwa vyenyewe, kuna wifi, na kuna mume aliyesema sentensi moja fupi ukalala nayo siku mbili. Niruhusu nianze na vitafunwa kwa sababu huko angalau kuna vitu vya kushika kwa mkono.

Wewe unasema mwaka jana ulishindwa. Mi nimesoma unavyosimulia na sijaona mahali umesema chakula kilikuwa kibaya, tena vya kukaanga viliisha vikaulizwa tena! Nilichokiona ni kwamba karibu kila kitu ulichochagua kilikuhitaji wewe dakika ya mwisho. Kukaanga ni kazi inayokufunga kamba mguuni, huwezi kukaanga saa nne asubuhi ukawapa watu saa saba bado kinalia kwa meno. Vile vimkate vililowa kwa sababu nyanya ina maji mengi na mkate ni kama kitambaa, unanyonya. Na lile duara la kijani kwenye yai mwanangu si kuoza, ni yai lililokaa sana kwenye moto, madini ya chuma ya kwenye kiini yanakutana na salfa ya kwenye ute ndo inatokea ile rangi. Linalika bila tatizo, sema sura ndo inaharibika. Kwa hiyo mi naona ratiba ilikuwa mbaya, mikono yako sina uhakika kama ina kesi.

Sasa hili la ubahili. Umeniambia vitu vichache vitaonekana ubahili, na mi nataka nikuulize, lini umekaa kwenye pati ukahesabu kitafunwa kimewekwa vitu vingapi? Watu wanahesabu kitu kingine, wanaangalia sinia kama lina kitu au limebaki majani ya kupambia. Na hapo ndo naomba tukae kitako kidogo. Wapishi wa shughuli huwa wanapiga hesabu hivi, kama kuna mlo kamili unakuja baadaye basi kila mgeni vipande 5 au 6 vinamtosha, kama hakuna mlo na watu wamekuja muda wa kula unahesabu 10 mpaka 12 kwa kila mtu. Wewe una watu 25, saa kumi na mbili jioni, hakuna msosi. Hiyo ni vipande 250 mpaka 300. Usishtuke, tutafika.

Ila kabla hatujafika, rudi kwenye lile swali la wifi yako. Pati ya mwaka jana ilikuwa saa saba mchana, si ndivyo ulivyoandika? Mtu ameacha kula kwake amekuja kwako saa saba ana njaa, anaona sinia la vitu vidogo vidogo, anauliza hivi ni vya kuonja au chakula kinakuja. Inawezekana kabisa alikuwa anakupiga kijembe, mi sikuwepo, sauti yake sikuisikia, wewe ndo unayemjua. Lakini inawezekana pia alikuwa anauliza kama mtu mwenye njaa anavyouliza. Hilo swali hata mgeni mwingine safari hii anaweza kuuliza, kwa saa ile mliyochagua. Mnaweza kusogeza pati ianze saa mbili usiku watu wakiwa wameshakula kwao, au mkaandika wazi kwenye mwaliko kwamba ni vinywaji na vitafunwa, au mkaacha saa hiyo hiyo na kuandaa wingi wa kutosha. Ukisogeza mbele, wenye watoto wadogo watanuna, na ukiacha kazi inaongezeka. Mtachagua wenyewe.

Haya, tuje jikoni. Kitafunwa cha vitu vitatu hakina pa kujificha, ndo raha yake na ndo shida yake. Kwenye mchuzi wa vitu kumi na mbili kitunguu kibovu kinapita, kwenye tango na chizi hakipiti kitu. Mi huwa natafuta kitu kimoja cha kulia kwenye meno, kimoja laini chenye mafuta, na kimoja cha chumvi au uchachu wa kuamsha mdomo. Na kitu kikiwa cha baridi ladha yake inalala, kwa hiyo onja kikishatoka kwenye friji, usionje kikiwa cha moto ukaridhika.

Mayai uliyoyaogopa mi ningeyatazama tena kwanza, maana ukisema nusu mbili kwa kila mgeni ni mayai 25 tu, ongeza matano ya kupasuka. Siri ni kwamba yai la jana linakataa kumenyeka, yai la wiki moja linavua ganda vizuri. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka, dakika 10 mpaka 12, kisha moja kwa moja kwenye maji ya barafu, hapo lile duara la kijani halipati nafasi. Kiini unakiponda na mayonezi, haradali na chumvi, basi, umemaliza. Jana yake unaweza kuweka ute kwenye kontena lake na rojo la kiini kwenye mfuko wa plastiki, vyote friji, kesho yake unakata kona ya mfuko unakamua, watoto wakubwa wanaweza hata kukusaidia na watagombania.

Tende ni rafiki wa mtu mwenye kazi ya ofisi. Unatoa kokwa, unaweka kipande cha chizi (ile ya kula jamani, si yule wa barabarani) au lozi iliyokaangwa kidogo. Tatu kwa kila mtu ni 75, zinaandaliwa jana yake mkiwa mmekaa sebuleni mnaongea. Za lozi na za karanga ziweke sahani yake mbali, na uliza kwenye grupu nani hali karanga, mayai, maziwa au ufuta, kwa sababu mzio si wa kuchezea, na kitafunwa kidogo ni rahisi mtu kukirusha mdomoni bila kuuliza kina nini.

Mkate wako usiuache, umeniambia mwenyewe mkate na nyanya ndo mkono wako. Ukate vipande vidogo, upake mafuta kidogo, uoke mpaka ukauke, halafu uache upoe ukiwa umetandazwa kwenye waya, ukiurundika wa moto mvuke utaulainisha wenyewe kwa wenyewe. Nyanya ikate, inyunyizie chumvi, iache kwenye chujio dakika kama 20 imwage maji yake. Kisha, na hapa wengi hawanielewi, usivijenge. Weka mkate kwenye kapu, nyanya kwenye bakuli na kijiko, kila mtu ajipakie. Hakuna kitakacholowa kwa sababu hakuna kinachosubiri. Kama moyo wako hautatulia mpaka uvione vimepangwa, basi paka siagi kwanza, yale mafuta yanazuia maji kidogo, ila usivitangulize zaidi ya nusu saa.

Na kuna mtindi. Utie chumvi, uumimine kwenye kitambaa safi juu ya chujio, chini bakuli, uuweke friji usiku kucha. Asubuhi maji yametoka na umebaki na kitu kizito kama chizi laini, karibu nusu ya ulichoweka, kwa hiyo nunua mara mbili ya unachotaka. Kamulia limao, tia majani unayoyapenda, zungushia karoti na matango yaliyokatwa vijiti. Hiki ndo kinameza ile hesabu ya 250, kwa sababu mabakuli ya kuchovya na bisi hayahesabiwi kipande kipande, mtu anachota mpaka atosheke. Nusu mbili za yai, tende tatu, vimkate vitatu, hiyo ni nane tayari kwa kila mtu, kilichobaki bakuli linajaza. (Bisi, karanga nzima na zabibu nzima usiwaachie watoto chini ya miaka minne, zinapalia. Na vijiti vya meno sivipendi kwenye nyumba yenye watoto, ila hiyo ni mimi.)

Kitu kimoja ambacho video hazikuonyeshi ni saa. Mayai, mtindi, chizi, vyote hivyo visikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kukiwa na joto la kupita nyuzi 32 hesabu saa moja. Pati yako itachukua kama saa tatu au nne nzima. Kwa hiyo badala ya sinia moja kubwa tumia sahani ndogo ndogo, moja ikiisha inatoka nyingine baridi. Atakayezitoa si lazima uwe wewe, nitarudi hapo.

Video pia zinadanganya kwa njia nyingine, zinaonyesha vipande sita. Sita! Jipime kwa saa ukitengeneza kumi, kisha zidisha. Na hela vile vile, vitu vichache haimaanishi hela chache, chizi na lozi za watu 25 zinaweza kukushangaza, piga hesabu ya watu wako usipige ya ile sahani ya kwenye simu. Inawezekana ukikaa na kalamu ukakuta tofauti na kununua ni ndogo kuliko ulivyofikiri, au kubwa zaidi. Ni bora ulijue hilo kabla hujaendelea kugombana na mtu.

Maana kununua nako si dhambi. Unalipia usingizi wako, na unakaa na wageni. Hatari yake ni mtu wa oda kuchelewa au kuleta vilivyopoa, na hiyo hela uliyosema ilikuwa na kazi yake, na wewe mwenyewe umesema unapenda kupika, ukinunua vyote kuna kitu kitakuuma ambacho si wifi. Kuna na katikati, ukatengeneza vya baridi ambavyo vinaandaliwa jana yake, ukanunua kimoja tu cha moto, tena labda kwa huyo huyo mtu wa wifi yako. Unaweza kumwandikia "wifi, vya kukaanga naomba yule mtu wako anisaidie." Hatari unaijua, anaweza kuzunguka anasema pati aliiokoa yeye. Na anaweza pia kufurahi kwamba umemwomba kitu, watu wengine wanatoa msaada kwa sauti mbaya kwa sababu hiyo ndo sauti waliyo nayo. Sijui wako ni yupi. Ninachojiuliza ni kama yeye anajua kwamba mnashindana, maana umeandika atakuwa "ameshinda", na mi kwenye barua yako yote nimeona mchezaji mmoja tu uwanjani.

Sasa mumeo. Umesikia "tununue tu" ukatafsiri "huwezi", na alipokwambia hapana hukumwamini. Mi nimefikiria kitu kingine, na naweza kuwa nimekosea. Zile picha za mwaka jana na yeye anazo kwenye simu yake. Mtu anafikisha miaka 40, labda hataki kuifikisha mkewe akiwa jikoni. Au labda kweli anaogopa aibu mbele ya dada yake, hilo nalo lipo, na kama ndo jibu litakuuma kidogo, jiandae. Ila lile swali la "unaniona siwezi" lina majibu mawili tu na yote yanaleta kununa. Mjaribu na lingine, muulize mwaka jana yeye aliona nini, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize. Na akikubali mtengeneze, kazi ya kutoa sahani kwenye friji mpe yeye au mtoto mkubwa au shemeji yako yeyote anayependa kuwa karibu na chakula, kila familia inaye.

Una wiki tatu, ni nyingi. Jumapili hii tengeneza vipande kumi kumi vya hivi nilivyokutajia, uweke saa, mumeo na watoto wawe wageni na wewe uwe umekaa nao mezani wakati vinaliwa. Kisha niandikie umeamua nini, ukinunua nitafurahi, ukitengeneza nitafurahi pia na nitataka kujua mtindi ulitokaje. Mayai ya jaribio usisubiri Jumapili, yanunue leo.